Fundi wa Antena Anajibu: Waulize Wavuvi Maji Yalijaa Saa Ngapi

Barua za mwezi huu zimekuja nyingi, na karibu zote zinaanza na kauli moja: king'amuzi changu kimeharibika. Nimezisoma mezani kwangu hapa Tanga, nyingine mara mbili mbili, na katika hizi nilizochagua sijaona king'amuzi hata kimoja kibovu. Nalisema hili mapema kwa sababu najua wapo wanaosoma ukurasa huu wakiwa na noti mkononi, wamevaa viatu tayari kwenda dukani. Kaeni kwanza.

*Shikamoo fundi. Nina mgahawa mdogo wa chai na vitafunio ng'ambo ya ghuba, kaskazini mwa Tanga mjini. Mbele yangu ni maji matupu, na usiku naziona taa nyekundu za mnara upande wa pili. Antena iko juu ya mlingoti wa mita 4. Picha inakuwa safi kabisa, halafu ghafla inaganda, inavunjika miraba miraba na kupotea kwa saa nzima au zaidi, kisha inarudi yenyewe. Wiki iliyopita ilikuwa inakatika saa kumi jioni. Siku nne baadaye ikawa inakatika saa moja na nusu usiku, wateja wakakosa mwanzo wa taarifa ya habari. Tena ipo wiki nzima haikatiki hata mara moja. Zinazopotea ni chaneli zile zile, nyingine zinabaki. Fundi wa hapa ameshabadilisha king'amuzi mara mbili. Watu wanasema nimefanyiwa mambo.*
— Mama wa mgahawa, Mkinga

Marahaba, dada yangu. Nakushukuru kwa kuandika saa. Mafundi wengi hatuulizi saa, na wateja wengi hawazitaji, kumbe ugonjwa wote unakuwa umejificha humo.

Fanya hivi. Chukua saa ulizoandika, kaa na wavuvi wanaokunywa chai kwako, usiwatajie TV kabisa. Waulize tu siku zile maji yalijaa saa ngapi. Watakwambia bila kufikiri: siku za bamvua, yaani bahari inapopanda na kushuka kupita kawaida, maji hujaa kwenye saa kumi hivi, alfajiri na alasiri. Kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika 50. Siku nne ni saa tatu na dakika ishirini. Kutoka saa kumi jioni hesabu hiyo inakufikisha karibu kabisa na saa moja na nusu yako. Na ile wiki ambayo TV haikatiki ni wiki ya maji mafu, bahari inapopanda na kushuka kidogo tu. TV yako haikurogwa, inafuata mwezi.

Mawimbi ya TV yakigonga maji ya bahari yaliyotulia hudunda, kama mwanga wa jua unavyodunda na kukuchoma macho. Kwa hiyo antena yako inapokea mara mbili: wimbi linalokuja moja kwa moja kutoka mnarani, na lingine lililogonga maji kwanza. Hili la pili limezunguka kidogo, tuseme nusu mita. Sasa kwenye masafa ya megahezi 600, nusu mita ndiyo urefu wa wimbi lenyewe. Tofauti ndogo ya njia inatosha kuamua kama mawimbi hayo mawili yatafika yakisukumana pamoja au yatafika moja likipanda na jingine likishuka. Yakifika hivyo yanauana, na antena inabaki haina cha kupokea, ingawa mnara unauona kwa macho.

Maji yakijaa, kile kinachodundisha kinapanda juu. Kwenye pwani yetu, siku za bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa inapita mita 3. Ni kama mtu anakuja kila siku kuusogeza mlingoti wako mita 3 chini na kuurudisha. Siku za maji mafu bahari haifiki pale pabaya, ndiyo maana unatazama kwa raha.

Na kwa nini baadhi ya chaneli zinabaki? Kwenye dijitali chaneli hazirushwi moja moja. Zinafungwa nyingi pamoja katika furushi moja linalokaa ndani ya megahezi 8, na kila furushi lina masafa yake. Masafa yakitofautiana, urefu wa wimbi nao unatofautiana, na kimo kibaya cha maji kwa furushi hili si kibaya kwa furushi lile. King'amuzi kibovu kisingejua kuchagua hivyo, na kisingefuata kalenda ya bahari.

Ugonjwa huu nimeujua kwa gharama, na gharama hiyo hakuilipa fundi, aliilipa mteja. Nyumba moja ya Pangani ilinisumbua karibu mwezi mzima. Nilibadilisha waya, nikabadilisha antena, nikamnunulisha mzee wa watu king'amuzi kipya, na kila nikiondoka picha nzuri, kesho yake simu inalia. Siku ya mwisho nilifika nikakuta inakatika, nikakaa barazani kumsubiri mwenyeji arudi msikitini. Mjukuu wake akaniambia, "Babu anasema TV hailipendi bamvua." Mzee alikuwa ameshaona. Mimi sikuwa nimemuuliza. Nilimrudishia pesa ya king'amuzi na bado nikimkumbuka nasikia uzito.

Dawa yako: ongeza mlingoti kwa mita 2, uufunge kwa waya za kuuzuia pande tatu maana upepo wa kusi hauna huruma. Fanya kazi hiyo siku ya bamvua, maji yanapojaa, picha ikiwa imekatika. Ukiifanya maji yakiwa yamekupwa utaona kila kitu kizuri na hutajua kama umetibu. Panda polepole, mtu mmoja akisoma kipimo cha ubora ndani na kukuitia. Chaneli za kwanza zikirudi halafu za furushi jingine zikaanza kupotea, shuka kidogo, utapata mahali pa katikati. Kama mlingoti mrefu hauwezekani, kuna njia nyingine: sogeza antena nyuma ya nyumba, kiasi kwamba inauona mnara juu ya paa lakini paa linaificha bahari. Hapo lile wimbi la pili linagonga bati na kuishia hapo. Nimefanya hivyo kwa watu wawili, inafaa.

Wewe uko karibu na mnara, kilomita chache. Aliye mbali sana, ng'ambo ya maji mengi, kwake jibu ni moja tu, kuinua, na wakati mwingine hata kuinua hakumalizi.

*Mwanangu, mimi ni mwalimu mstaafu, nakaa Chumbageni. Kwenye menyu ya king'amuzi nilikuwa nasoma nguvu 70 na ubora 65, picha nzuri, ila mvua ikinyesha inaganda mara moja moja. Nikashauriwa ninunue busta, kile kifaa cha kukuza mawimbi. Sasa nguvu imefika 98, ubora umeanguka hadi 30, na picha inaganda hata kukiwa na jua. Muuzaji anasema ninunue busta kubwa zaidi.*
— Mwalimu mstaafu, Tanga

Shikamoo Mwalimu. Tafadhali usinunue. Ile uliyo nayo ichomoe leo.

Umefanya jambo ambalo wateja wangu wengi hawafanyi: umesoma vipimo vyote viwili. Nguvu inakwambia ni kiasi gani cha mawimbi kimeingia. Ubora unakwambia ni kiasi gani king'amuzi kinaelewa kilichoingia. Darasa lenye wanafunzi mia wanaopiga kelele lina nguvu nyingi. Wewe unamtaka yule mmoja anayejibu swali. Busta haichagui, inakuza jibu na inakuza kelele. Na wewe uko mjini, karibu na minara ya TV, ya redio na ya simu. Busta yako inapokea vyote hivyo kwa pamoja mpaka inalewa, inaanza kuchanganya masafa na kuzaa takataka zake yenyewe. Ndiyo maana nguvu imepanda na ubora umeshuka. Busta kubwa zaidi ingekuua kabisa.

Nimekueleza kwa mfano wa darasa, sasa niruhusu mfano wa hesabu, maana hapa ndipo watu wanapodanganywa na dijitali. Enzi za analojia TV ilikuwa inasema ukweli. Mawimbi yakipungua kidogo unaona chenga kidogo, yakipungua sana chenga nyingi, unajua mapema. Dijitali inaficha. Data inarushwa pamoja na ziada ya kurekebishia makosa. Chukua safu ya namba zenye jumla yake chini. Namba moja ikifutika, mwanafunzi wako anaipata kwa kutoa. Zikifutika mbili, hawezi tena. Ndivyo king'amuzi kinavyofanya kazi, ingawa hesabu yake ni kubwa zaidi: makosa yakiwa machache kinayajaza yote, picha inatoka safi kama ya mtu aliye chini ya mnara. Yakizidi kidogo tu, hakuna picha nzito wala nyepesi, kuna kuganda na miraba, kisha kioo cheusi. Kwa hiyo picha safi haikuhakikishii kwamba mawimbi ni mazima. Nyumba moja inaweza kuwa imebakiza hatua moja kufika ukingoni na mwenyewe hana habari, mpaka minazi ya jirani ilowe.

Ubora wako wa 65 ulikuwa karibu na ukingo huo, na mvua ndiyo iliyokusukuma. Mvua yenyewe kwenye masafa haya haipunguzi mawimbi kiasi cha kuzungumzia. Majani mabichi yaliyolowa ndiyo yanapunguza, na maji yaliyoingia kwenye waya. Naomba upate kijana apande juu, wewe usipande, aangalie pale waya unapoingia kwenye antena. Akikuta shaba imegeuka kijani au nyeusi, jibu limepatikana. Maji yakishaingia kwenye waya wa antena yanatambaa ndani ya wavu wake kwa mita kadhaa, na kukausha haisaidii. Kata, tupa, weka mpya, na pale kiungoni zungushia mpira wa kuzuia maji, kisha uache waya uning'inie kidogo chini ya kiungo ili matone yadondokee hapo badala ya kuingia ndani.

Kuhusu waya nina uchungu nao. Mwaka juzi nilinunua bunda zima la mita 100 kwenye duka moja, limeandikwa shaba tupu. Nyumba tano nilizozifunga zikaanza kulalamika ndani ya miezi michache. Nilipokwangua kwa kisu, shaba ilikuwa rangi tu, ndani chuma, na wavu wa nje nyuzi za kuhesabu kwa vidole. Chuma kilichopakwa shaba peke yake si dhambi kwa mawimbi haya, kwa sababu yanapita kwenye ngozi ya waya. Tatizo ni pale rangi inapokuwa nyembamba na wavu hauzuii chochote, ikapenya kelele ya taa na ya pikipiki zinazopita. Tangu hapo natembea na kisu na sumaku, na nakwangua mbele ya muuzaji kabla sijalipa.

Nunua waya wa antena aina ya RG6, ya omu 75. Kwa masafa yetu inapoteza desibeli 16 hadi 18 kwa kila mita 100, kwa hiyo mita 20 zinakula zaidi kidogo ya nusu ya nguvu. RG59, ile nyembamba, inapita desibeli 20 kwa urefu huo huo wa mita 100. Wapo wanaouza waya wa redio za mawasiliano wa omu 50 wakisema ni sawa tu. Si sawa. Na usiache mita 15 zimeviringishwa nyuma ya kabati eti zitafaa tukihama.

Busta ina mahali pake: mtu wa mbali, waya mrefu au TV tatu kwa antena moja. Na ikifungwa, inafungwa juu mlingotini, karibu na antena, kabla waya haujala mawimbi. Ukiifunga nyuma ya TV inakuza mabaki.

*Fundi, nimenunua TV ya mtumba iliyotoka Japani, hapa Darajani. Imezima chaneli zote, haipati hata moja ingawa antena ni nzuri. Muuzaji ananiambia niitafutie king'amuzi cha Japani.*
— Msomaji, Unguja

King'amuzi cha Japani kitakupa matangazo ya Japani, na hapa hayafiki. Japani inatumia mfumo wake wa dijitali, ISDB-T, kwenye masafa ya upana wa megahezi 6. Sisi tunatumia mfumo mwingine, DVB. TV yako haijafa, haijui lugha ya hapa tu. Nunua king'amuzi cha kawaida cha kwetu, uunganishe kwa waya wa HDMI, na TV iwe kioo.

Lakini kabla hujaichomeka tena, geuza nyuma usome kibandiko cha umeme. Kikisema volti 100 peke yake, bila "100–240", unahitaji transfoma ya kushusha, la sivyo volti 230 zetu zitaiunguza. Na jambo ambalo wauzaji hawalisemi: TV nyingi za Japani zinataka picha 60 kwa sekunde, na ving'amuzi vyetu vinatoka kiwandani vikiwa vimewekwa 50. Ukiona kioo cheusi au maandishi ya kukataa, azima TV nyingine, ingia kwenye menyu ya king'amuzi, weka 720p ya 60, kisha rudisha waya kwenye TV yako.

Wazanzibari wana TV ya rangi tangu miaka ya 1970. Sisi wa bara tulingoja mpaka 1994, na baba yangu mkubwa alikuwa anaelekeza antena baharini kuitafuta TVZ, televisheni ya Zanzibar. Kwa hiyo kuona Mzanzibari anauziwa kioo kisichosema kitu kunaniuma zaidi.

*Nimehama kutoka TV ya chogo ya inchi 21 kwenda flati ya inchi 55, ya 4K. Chaneli za antena zinaonekana mbaya kuliko zamani. Ubora kwenye menyu unasoma 90. Nyasi za uwanjani zinakuwa uji, sura za watu zimepanuka. Je, nibadilishe antena?*
— Dereva, Mbagala

Antena yako iache ilivyo. Ubora 90 maana yake kila kilichorushwa kimekufikia kizima. Unachokiona ndicho kilichorushwa.

Hesabu yake ni hii. Chaneli ya kawaida, isiyo HD, ina nukta 720 kwa 576, yaani 414,720. Kioo chako kina nukta 3,840 kwa 2,160, yaani 8,294,400. Ni mara 20. Kila nukta moja inayokuja, TV inabidi iizalie wenzake 19 kwa kukisia. TV ya chogo haikukisia kitu, na udogo wake ulificha mengi. Halafu wewe umekaa umbali ule ule uliokuwa unakaa zamani, sivyo? Rudisha kochi nyuma kwa mita moja na nusu, utashangaa.

Uji wa nyasi ni jambo jingine. Furushi moja la chaneli lina kiasi maalumu cha data kwa sekunde, na mwenye mtambo anakigawa. Akibana chaneli nyingi humo, kila moja inapata kidogo. Mtangazaji aliyekaa kimya mezani anahitaji kidogo tu, kwa sababu picha haibadiliki. Uwanja mzima ukianza kukimbia pamoja na kamera, hakitoshi, na nyasi zinageuka viraka laini. Jifunze kutofautisha: viraka laini vinavyokuja na kuondoka kufuatana na mwendo wa mpira ni kubanwa kwa data, hakuna fundi anayeweza kukusaidia. Miraba yenye ncha kali, picha kuganda na sauti kukatika kama kwikwi, hayo ni mapokezi, na hapo ndipo antena na waya vinahusika. Nimekutana na watu waliobadilisha antena tatu kutibu nyasi.

Yapo uwezayo kufanya bila kununua sana. Kama king'amuzi umekiunganisha kwa waya wa rangi tatu, nyekundu, nyeupe na njano, uweke kando, tumia HDMI. Sura zilizopanuka ni picha ya umbo la 4 kwa 3 iliyovutwa ijaze kioo cha 16 kwa 9. Rudisha umbo lake kwenye menyu, uvumilie mistari myeusi pembeni. Na shusha ukali wa picha. TV zinatoka dukani zimewekwa ziwake ili zikushike macho katikati ya TV nyingine thelathini. Ukali ule unachora mstari kuzunguka kila kosa. Mimi nyumbani nimeuweka karibu na sifuri, rangi nimeipunguza, na wageni hudhani nina chaneli ambazo wao hawana.

*Habari fundi. Niko Voi, Kenya. Marehemu mzee aliacha king'amuzi alichonunua mapema sana, majaribio ya dijitali yalipoanza. Kinawaka vizuri lakini kikitafuta chaneli hakipati kitu. Kuna sehemu ya kubadilisha ndani?*

Pole kwa msiba. Hapana, hakuna. Kenya ilianza majaribio Desemba 2009 kwa mfumo wa DVB-T, kisha ikaamua kutumia DVB-T2, mfumo mpya unaobeba chaneli nyingi zaidi kwa masafa yale yale. King'amuzi cha T2 kinasoma T ya zamani, ila cha T hakisomi T2 hata kidogo. Waliojitokeza mapema ndio walioumia, na analojia ilipozimwa Nairobi Februari 2015 wengi bado walikuwa na hivyo vya zamani ndani. Kiweke kwa ukumbusho wa mzee. Ukinunua kingine, soma maandishi ya DVB-T2 kwenye chombo chenyewe, siyo kwenye boksi.

*Tuko Lushoto bondeni. Wa juu mlimani wanapata chaneli zote, sisi hatupati hata moja. Tumeinua mlingoti mpaka mita 9. Tuongeze?*
— Kikundi cha majirani

Msiongeze, mlingoti mrefu kuliko huo bila mafundi wa kweli utamwangukia mtoto. Masafa haya hayapindi mlima. Yale ya chini ya enzi za analojia yalikuwa yanajipinda kidogo ukingoni, ndiyo maana wazee wenu walipata chenga zenye sura ndani yake. Sasa ni kuuona mnara au kukosa.

Mko kundi, kwa hiyo mna njia mbili. Kama ukingo wa mlima uko ndani ya mita 100, mwombeni mwenye shamba la juu awape nafasi ya antena moja, fungeni busta pale pale juu, mshushe waya mmoja wa RG6 na kuugawa bondeni. Hapa busta inastahili, na umeme wake unapanda kupitia waya huo huo. Vigawanyo vinakula pia, kila kimoja cha njia mbili kinachukua nusu na ziada, kwa hiyo nyumba nne zinatosha. Kama ukingo uko mbali zaidi ya hapo, nunueni madishi, msipoteze senti kwa antena. Dishi linatazama juu angani kupita bega la mlima, bonde halilisumbui. Najua lina gharama yake. Ila nimewaona watu wa milimani wakinunua antena mwaka hadi mwaka mpaka bei ya dishi ikapita.

*Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili. Simba na Yanga zikicheza, jirani anayesikiliza redio anashangilia goli, sisi bado tunaona mpira uko katikati. Baba anasema king'amuzi chetu kinachelewa na anataka kukiuza.*
— Korogwe

Hujambo mwanangu. Swali lako limenifurahisha kuliko yote. Redio ya kawaida ya FM ni analojia, sauti ya mtangazaji inaruka kutoka mnarani hadi kwa jirani karibu papo hapo. Picha yenu ina safari. Kwanza inabanwa, na mashine ya kubana lazima isubiri picha kadhaa ili ilinganishe kipi kimebadilika na kipi kimebaki. Kisha inafungwa kwenye furushi na chaneli nyingine. Kwa kawaida furushi hilo linapandishwa satelaiti ili lifike kwenye minara ya mikoani, na kwenda juu na kushuka huko peke yake ni robo sekunde. Mwisho king'amuzi chenu kinalifungua na kupanga upya. Kila hatua inakula kidogo, jumla inakuwa sekunde kadhaa. Mkinunua kingine mtachelewa vile vile.

Mwambie baba asikiuze. Siku ya mchezo umwombe jirani ahamie kwenu na redio aiache kwake.